Kondo la Tanuri

Jirani yake Sikitu, Bi Nyange, anadai kwamba tanuri la kwanza halikujengwa na mtu. Lilikuja lenyewe kwa miguu, ati, siku ya jua kali, limejishika kiuno kama mwanamke aliyeshikwa na uchungu njiani. Likapiga hodi nyumba ya kwanza, wakalijibu hatuna nafasi. Likapiga hodi nyumba ya pili, wakazima moto wao lidhani hawapo. Mwisho likajiendea pale ukingoni mwa mji, penye udongo mwekundu, likachutama, likashika ardhi kwa mikono miwili, likazaa. Na mtoto, anasema Bi Nyange, alitoka anawaka, anatiririka, mwekundu kama macho ya mlevi, kisha akapoa akawa mweusi wa kung'aa, mtu akimwinamia anajiona sura. Basi wale wale waliokataa kufungua milango wakatoka na vigelegele.

"Ulikuwepo?" Sikitu alimwuliza.

"Nilikuwepo. Nisingekuwepo ningejuaje?"

"Bibi yako mwenyewe alikuwa hajazaliwa."

"Aa, wewe nawe! Kuzaliwa ndiyo nini? Nilikuwepo kwa sikio."

Katika mji ule hakuna aliyeona jibu kama hilo kuwa la kipuuzi. Jana haikuwa na adabu ya kukaa nyuma. Ilitangulia mbele ya watu njiani, ikawavizia kwenye kona, na mtu aliweza kukutana na jambo lililompata babu yake, nalo likamsalimu yeye kwa jina. Asubuhi kivuli kilichelewa kuamka. Mwenyewe akaenda kisimani peke yake, kivuli kikaja baadaye kinahema. Miaka hawakuihesabu. Walijihesabia matanuri: huyu ni wa tanuri lililokohoa, yule ni wa tanuri lililonyeshewa. Na kwa kuwa kila tanuri lilivunjwa likishazaa, kila umri ulikuwa umekaa juu ya vigae vya umri mwingine, na aliyechimba shimo la choo alikutana na matumbo ya zamani, mekundu, yaliyopasuliwa.

Majina nayo hayakuwa ya watu. Yalikuwa ya kazi, na watu waliyaazima. Kila mkunga wa tanuri aliitwa Kitwana. Kila mwenye mikono ya mivukuto aliitwa Pazi. Hata Nyange lilikuwa jina la kazi, kazi ya kuona na kusimulia, na huyu wa sasa aliifanya bila kupumzika. Na mwanamke aliyezika aliitwa Sikitu. Mama yake aliitwa hivyo, na bibi yake mzaa mama aliitwa hivyo, na yeye akiitwa mlangoni alisikia ndani yake wanawake kadhaa wakigeuza shingo.

Alizika nini? Hapo ndipo penye kosa, na kosa lenyewe si la wajinga. Ni kosa la watu waliofikiri sana.

Tanuri lilikuwa mwanamke. Walilifinyanga na matiti mawili kifuani na mlango chini, wakalifunga shanga za mbegu kiunoni, wakalilisha mawe mekundu na makaa. Wanaume wakavukuta, mivukuto ikihema kwa niaba yake, na mwanamke wa nyama na damu akakatazwa kusogea, kwa sababu wake wenza hawazalishani. Mkunga, kwa hiyo, alikuwa mwanamume. Na wanaume hao, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia chumba cha mzazi, walijua jambo moja tu la uzazi, walilolisikia kupitia ukutani: anatangulia mtoto, linafuata kondo. Cha kwanza kinalelewa, cha mwisho kinazikwa. Basi walipolitoboa tanuri chini, na ule uji wa moto ukamwagika unawaka, wakasema, mwana! Wakamlaza katika kitanda cha mchanga kilichochongwa umbo la jembe. Halafu walipolivunja tanuri wakakuta bonge limebaki tumboni, jeusi, limejaa matundu kama mkate ulioumuka vibaya, zito, halimwoneshi mtu sura yake, wakasema: kondo hilo. Mwiteni Sikitu.

Kile walichokilaza kitandani sisi leo tunakiita mavi ya chuma, na tunakisukumia shimoni kwa mguu. Lakini wakati ule neno chuma halikuwapo, na kitu kisicho na jina hakina wa kukitetea. Ukitafakari utaona ndivyo dunia ilivyogawanywa tangu hapo. Kinachotangulia kutoka kinapigiwa vigelegele. Kinachong'aa kinapewa kitanda. Kinachobaki tumboni mpaka nyumba ivunjwe, ambacho ndicho kilichokunywa moto wote, kinaitwa uchafu, na anatafutwa mwanamke wa kukifukia. Nani aliyeamua? Hakuna aliyeamua. Walisikia kupitia ukutani, wakaamini ukuta.

Sikitu alibeba bonge katika kikapu, akaenda nalo mahali ambapo yeye peke yake alipajua. Hiyo ilikuwa sheria, na sheria ilikuwa na sababu: kondo likijulikana lilipo, adui hulifukua akamfunga mzazi kizazi. Kwa hiyo mzikaji hakumwambia mtu, hakuweka alama, wala hakupataja mahali hapo hata kwa kunong'ona peke yake. Mama yake alimfundisha makaburi yale kwa kutembea naye tu, mkono kwa mkono, kimya, akimbana kidole kila wanapopita juu ya moja. Vidole vyake vilikuwa na ramani ya ardhi nzima.

Wana wa kung'aa walikuwa wazuri, hilo halina ubishi. Siku ya kumtoa mwana nje, mji ulikusanyika, Kitwana akambeba, akampiga ardhini pigo la kwanza, mara nyingine pigo la pili. Mwana akikutana na mzizi alipasuka. Watu wakarudi kwenye vijiti vyao vya kuchimbia, wakala walichokipata, na njaa, ambayo katika mji ule ilikuwa na kigoda chake katika kila nyumba, ikasogeza kigoda karibu zaidi. Na Kitwana, huyu au aliyemtangulia, alisema neno lile lile: "Tanuri limezaa salama. Kuna mtu amezika vibaya."

Kwa neno hilo mama yake Sikitu alifukuzwa. Hawakumpiga. Walikwenda nyumbani kwake na nyundo ya jiwe wakavunja mafiga yake matatu, moja baada ya jingine, kwa maana mwanamke asiye na mafiga hana mahali pa kurudi, hata akisimama katikati ya uwanja wake. Akajifunga kanga ya magome, akapanda kilima, akashuka upande ambao ardhi haina jina. Kilima kikasogea kidogo kumfunika, kama kawaida yake.

Naye binti akabaki na jina. Akaokota mtoni mawe mawili ya kuanzia jiko. La tatu akalikosa, na figa moja haliinjiki chungu, na mawili ni ndugu wa moja. Siku hiyo alikuwa na kondo kikapuni, anakwenda kulizika. Aliliweka chini kupumzisha shingo. Likakaa. Akayatazama mawe yale mawili, akalitazama lile bonge, akainjika chungu.

Basi. Hivyo tu.

*

Si mwana mimi.
Si jiwe.
Nilipikwa kabla ya kunde zako.
Wananiita cha mwisho. Lakini mwisho wa nani?

*

Tangu hapo alipika juu ya kondo, akatazama. Kutazama ndiko alikokuwa nako. Wengine walikuwa na ng'ombe. Aliona mawe ya mto yanapasuka, anayabadilisha, na la tatu halipasuki. Aliona kwamba ukiligonga kwa mwiko likiwa baridi linalia, na mlio unakaa hewani mpaka unausahau ndipo unaukumbuka. Mara moja moto ulipokuwa mkali alitaka kulisogeza lisimame vizuri, akaligonga kwa mchi wa jiwe, nalo halikuvunjika wala halikulia. Liliitikia. Lilibonyea kidogo, likashika umbo la mchi, kama mtu mzima anayesikiliza ushauri na kuuweka moyoni. Siku ya pili akaligonga tena mahali pengine, akaona ni kweli. Hakumwambia mtu. Lakini aliwahi kushika mikono ya wazazi wengi vyumbani mwao, na alijua jambo ambalo halisikiki kupitia ukutani: kabla ya mtoto hutangulia maji.

Maji, akajisemea, huku anakoroga. Wamekuwa wanalea maji.

Sasa ikafika siku ya kumtoa mwana wa tanuri lililocheka. Kitwana alikuwa amejipaka mafuta, amependeza, ana sauti ya mtu ambaye mvua inamsikiliza. Akambeba mwana, akampiga ardhini palipo na kisiki cha mkwaju, kisiki kilichokwisha kuwala wana wa vizazi. Mwana akapasuka kama chungu cha mfinyanzi mvivu. Kipande kimoja kikaruka kikamchana Kitwana shavuni. Hakujifuta. Alitazama vile vipande, kila kimoja kikimwonesha sura yake iliyokatwa, kisha akainua macho taratibu kuelekea nyumba ya Sikitu.

Sikitu alikuwa ameshaondoka. Alikuwa nyumbani anatia kunde chunguni.

Bi Nyange akaja mbio, kanga mkononi. "Mwanangu, wanakuja kuvunja jiko, nawe unapika?"

"Napika, Bi Nyange."

"Unapika nini?"

"Kunde."

"Kunde! Kunde zinachelewa, mwanangu! Ungekaanga hata mbegu, ukala ukiwa unafukuzwa."

"Ndiyo maana nimeweka kunde," alisema Sikitu. Akachukua mrija wa udongo, mmoja wa ile inayobaki tanuri likivunjwa, akautia mdomoni, akaanza kupuliza makaa chini ya figa la tatu. Hayakuwa makaa ya jikoni. Yalikuwa makaa magumu ya tanuri. Alipuliza kwa saburi, bila pupa, kama anayemfariji mtoto wa mtu mwingine.

Wakafika. Mbele Kitwana na damu yake, nyuma Pazi na nyundo ya jiwe begani, nyuma ya Pazi mji mzima.

"Hodi," alisema Kitwana, maana hata anayekuja kuvunja hubisha hodi.

"Karibuni. Mtasubiri ziive?"

"Sikitu, sheria unaijua."

"Naijua. Mafiga yavunjwe yote matatu. Likibaki moja zima, mwanamke hajafukuzwa."

"Ndivyo."

"Yote matatu, Mkunga. Usije ukanionea huruma njiani."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona si mahali pa kucheka. Sikitu akashika chungu kwa matambara, akakitua pembeni, akasogea nyuma. Pazi akatema mate viganjani. Figa la kwanza likavunjika kwa pigo moja. La pili likavunjika kwa pigo moja. Pazi akalegeza mabega, amemaliza kazi karibu yote, akapiga la tatu, lililokuwa jekundu mpaka tumboni.

Cheche zikaruka mpaka mapajani mwake. Pazi akaruka pia. "Mama yangu! Limeniuma!"

"Jiwe halina meno," alisema Kitwana. "Piga."

Akapiga. Bonge likatoa uchafu uliokuwa matunduni mwake, ukatiririka ukawaka ukazimika. Akapiga tena. Likalala ubavu. Kila alipopiga, mahali palipopigwa palikuwa panajua kitu ambacho hapakukijua kabla.

"Mkunga, hili halipasuki. Linapanuka tu."

"Una mikono ya kukunia nazi leo? Piga!"

"Njoo upige wewe, basi."

Wakapokezana. Watu wenye nguvu walitoka nyuma wakavua mashuka, maana sasa lilikuwa jambo la heshima. Bonge likaanza kugeuka rangi, likawa jeusi, na nyundo ikawa inarudi juu na kuwauma viwiko.

"Limepoa," alisema Sikitu, akiwa amekaa juu ya kinu. "Likipoa linakuwa kaidi. Lirudisheni motoni kidogo, niwapulizie."

Wakatazamana. Lakini nani atakataa shauri la mtu anayetaka kufukuzwa upesi? Wakalisukuma motoni kwa vijiti vibichi. Sikitu akapuliza. Likawa jekundu. Wakalitoa, wakapiga. Likapoa, wakalirudisha wenyewe bila kuambiwa. Na hapo, bila yeyote kutangaza, mapigo yakashika mwendo, na mwendo ukawashika wao, na mmoja akaanza kuguna kwenye kila pigo kama wanavyoguna watwangao. Mtu aliyepita kwa mbali angedhani ni kazi. Angedhani ni ufundi wa zamani sana, wa mababu, unaofanywa na watu wanaojua wanachotengeneza.

*

Pigeni.
Kila pigo linaniondolea kitu kisichokuwa mimi.
Mlikuja kunimaliza. Mnanianza.
Huyu anayepiga ni nani? Niliwahi kumjua babu yake, alikuwa jiwe mkononi mwa mtu mwingine.
Huyu anayepuliza ni nani? Ni yule yule.
Pigeni jamani, msichoke.

*

Sikitu alifumba macho, akaona yuko ndani ya ule mlio. Mama yake alikuwemo pia, na wa kabla ya mama, wamekaa wamenyoosha miguu kama walio arusini wanasubiri chakula. Hakuweza kujua kama wanaopigwa ni wao au wanaopiga ni wao. Akajiuliza swali ambalo lilikuwa likimsubiri tangu utotoni: mtu ni kile kilichomtoka, au ni kile kilichobaki? Jina alilopewa lilisema yeye si kitu. Sawa. Hata hiki hakikuwa kitu mpaka watu wenye hasira walipokipa muda wao. Mlio ulivuka uwanja, ukavuka kisiki, ukapanda kilima. Na kutoka ng'ambo, ambako hakuna mji, ulirudi mlio kama huo, umechelewa kidogo. Huenda ulikuwa mwangwi. Mwangwi lakini haupumziki katikati kurudisha kitu motoni.

Akafumbua macho kwa sababu ya kimya.

Pazi alikuwa amesimama na mpini mtupu. Kilichovunjika ni nyundo. Nusu mbili za jiwe zilikuwa zimelala huku na huku, na katikati yake, juu ya majivu, kulikuwa na kitu kirefu, kimelala kifudifudi, chembamba upande mmoja, kama ulimi wa mtu aliyekaa sana bila kusema.

Hakuna aliyesogea. Sikitu akateremka kwenye kinu. Akakimwagia maji, kikazomea, mvuke ukampanda usoni. Akaokota kwa kitambaa, akapita katikati ya watu, nao wakapisha, akaenda hadi kwenye kisiki cha mkwaju. Hakukipigia makelele. Alipiga mzizi mmoja kama anavyokata mtu mboga. Mzizi ukakatika. Akapiga wa pili. Ukakatika pia, utomvu ukatoka, na kile kitu kikabaki kizima, hakimwoneshi yeyote sura yake.

Wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa Bi Nyange. "Nilikuwepo!" alipiga kelele. "Jamani nilikuwepo! Mimi ndiye niliyemwambia, mwanangu, weka kunde, kunde zinachelewa!"

Kitwana alikuja, akakigusa makali kwa kidole. Kidole kikatoa damu, akaitazama, akaipakaza na ile ya shavuni bila kujua. Kisha akageukia watu, na sauti yake ile ya mvua ikarudi yote. "Mnadhani kwa nini niliwaambia mpige?" alisema. "Nilijua."

Wakaamini. Katika mji ambao jana inatangulia mbele ya watu, kujua kwa mkunga kulikuwa kumeshafika pale uwanjani kabla yake, kumeketi. Wakatawanyika wanasimuliana, na kila aliyefika kwake alikuwa ameshakuwa ndiye aliyepiga pigo la mwisho. Pazi aliondoka na mpini wake, anaupunga, anacheka peke yake.

Kitwana hakuondoka. Alikuwa amekichukua kile kitu kutoka mkononi mwa Sikitu, kwa upole, kama anamsaidia mzigo. Sikitu akatazama alivyokishika. Anayeshika jembe hulielekeza chini. Kitwana alikuwa amekiinua usawa wa kifua, ncha imetazama mbele, kule kwenye nyumba za watu, na mkono wake mwingine ulikuwa ukipapasa hewa kana kwamba unatafuta cha pili, na cha tatu, na vya kuwapa watu wa kusimama nyuma yake.

"Bibi Sikitu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Mafiga hayakuvunjika yote matatu. Hujafukuzwa. Nimelisema mimi."

Sikitu aliinama akakusanya vigae vya mafiga mawili, akavipanga na kipande cha nyundo, vikawa mafiga matatu, manyonge lakini matatu. Akarudisha chungu. Moto ulikuwa bado upo.

"Yamekuwapo matanuri mengi," Kitwana aliendelea, sasa amechuchumaa, macho yake usawa wa macho ya Sikitu. "Ya mama yako, na ya mama wa mama yako. Kila moja na kondo lake. Hakuna ajuaye yalipo ila wewe, ndivyo sheria ilivyotaka, na mimi ndiye sheria. Nionyeshe." Akasubiri. Kilima nyuma yake kilisogea kidogo, kikakaa vizuri. "Mama, nakuomba. Nionyeshe mlikowazika wengine."

Vidole vya Sikitu vilikaza mwiko, kimoja kimoja, kila kimoja na mahali pake. Akafunua chungu. Akachota punje moja ya kunde, akaipuliza, akaiminya.

Ilikuwa ngumu bado. Akafunika, akauchukua mrija wa udongo, akaendelea kupuliza.